Neno Lililobaki kwa Penseli

Madam Apiyo alitutumia ujumbe uleule sote: anahama kutoka Kianda, Kibera, mwisho wa mwezi, na yeyote anayetaka vitabu vyake aje Jumamosi na mfuko wake mwenyewe. Tuliofika tulikuwa watano kati ya kumi wa darasa lake la Dholuo, lugha ya Waluo. Nyumba yake ni vyumba viwili, na kwa miaka yote niliyomfahamu, cha mbele kilikuwa na meza moja iliyofanya kazi ya kulia chakula, kusahihishia madaftari na kupigia pasi. Siku hiyo meza ilikuwa imesukumwa ukutani, na juu yake vitabu vimefungwa kwa kamba, vimepangwa kwa ukubwa badala ya kwa somo, jambo lililonisumbua macho mpaka nikaanza kuvipanga upya bila kuambiwa. Achieng', mmoja wa wale watano, aliyekuwa jikoni akigeuza samaki, aliniona kupitia mlangoni akasema kwamba miaka yote hii na bado sijapona. Ndani ya mfuko wangu nilikuwa nimebeba daftari moja, la kwanza kati ya ishirini na matatu niliyo nayo, lenye jalada la karatasi ya gazeti, na sikuwa na hakika kwa nini nimelileta.

Sikusoma zaidi ya kidato cha nne. Ninauza nyaya, swichi na balbu huko Riruta Satellite, na mengine ninayoyajua nimejifundisha nikiwa kaunta, kati ya mteja na mteja. Njia yangu ni moja na niliianza mwaka ule. Kila ukurasa una safu tatu: neno, mahali nilipolisikia, na maana. Neno jipya huingia kwa penseli. Halitiwi wino mpaka nilisikie kwa mtu ambaye hanifundishi, mtu anayelitumia katika shughuli zake na hana habari kwamba nasikiliza. Kanuni hii niliitunga nikiwa na miaka kumi na saba, kwa kiburi cha umri huo, lakini sijapata sababu ya kuibadilisha. Neno ulilofundishwa bado ni la mwalimu. Ulilolikuta likifanya kazi ndilo la lugha. Katika daftari lile la kwanza maneno yote yana wino isipokuwa moja, ambalo nimelazimika kulikoleza kwa penseli mara tatu kwa sababu lilikuwa linafifia. Au, kwa usahihi zaidi, isipokuwa maana moja kati ya mbili za neno hilo.

Mwaka wenyewe ni ule wa kidato cha tatu, katika shule ya kutwa iliyokuwa kati ya Satellite na Kawangware. Madam Apiyo alikuwa mwalimu wetu wa historia. Wanafunzi wengi walikuja kwa miguu kutoka Kibera, na wengi wao walikuwa watoto wa Waluo, watu wa ziwa, waliozaliwa hapahapa Nairobi. Siku moja alitupatia zoezi la likizo: kila mtu amwulize babu au bibi yake jinsi kijiji chao kilivyopata jina, kisha aandike ukurasa mmoja. Watoto sita wa ziwa walirudi na karatasi tupu. Si kwamba hawakuwa na babu na bibi, wala si uvivu. Walishindwa kuuliza swali. Walijua Dholuo ya kutumwa sokoni na ya kugombezwa, lakini swali lenye "kwa nini" na "zamani" ndani yake lilikuwa refu kuliko lugha waliyokuwa nayo. Wiki iliyofuata Madam akatangaza kwamba Jumatano na Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, atafundisha Dholuo katika chumba cha maktaba kwa yeyote anayetaka. Halikuwa somo la mtihani. Hakuna cheti ambamo lingeonekana. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati mbili na madawati manane, na kwa kuwa ukuta wake ulikuwa mmoja na wa jikoni, kila tulichojifunza mle kilinuka githeri. Hadi leo nikisikia harufu ya mahindi na maharagwe yakichemka, vitenzi vya Dholuo hunijia mdomoni kwa mpangilio.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya mfereji. Baba yangu alikuwa na ploti Kawangware, vyumba kumi na viwili vya mabati vilivyotazamana, na katikati mfereji mmoja wa kuchotea maji, ambapo akina mama wapangaji walifua na kuzungumza. Wengi walikuwa wa ziwa. Baba alipoingia uani, mmoja wao angesema maneno mawili, *wuon ot*, bila kuinua kichwa, na mazungumzo yangekatika kama redio iliyozimwa. Akitoka, yanaanza tena palepale yalipokatika. Nilitaka kujua mambo mawili: yale maneno ni yapi, na kile kilichokatika ni nini. Sikuwa na nia njema wala mbaya. Nilikuwa tu na udadisi, na niliona si haki kuishi ukuta mmoja na watu na kuwasikia kama mvua juu ya mabati, sauti bila maneno. Siku ya kwanza nilipoingia maktaba, Achieng', ambaye hatukuwa tumezungumza zaidi ya kuazimana kalamu, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ni mtoto wa landlodi," alisema. "Dholuo ni ya nini? Unataka kutuskiza kwa ukuta?"

Nilimwambia ndiyo. Ilikuwa kweli. Nadhani ukweli huo ulimchekesha kuliko ambavyo angechekeshwa na uongo, maana alisogea kwenye dawati akaniachia nafasi. Siku hiyohiyo Madam aliniambia kwamba *wuon ot* ni mwenye nyumba, basi, hakuna tusi ndani yake. Nililiandika kwa penseli, na jioni yake, uani kwetu, likapata wino.

Muhula wa pili mwalimu mkuu alituita sote maktabani. Hakuwa mtu mkali. Alizungumza akitazama kabati, kama anayepima ukubwa wake. Alisema shule imeahidiwa kompyuta na chumba ndicho hicho. Alisema pia kwamba baadhi ya wanabodi wanauliza kwa nini shule ya watu wa kila aina ifundishe lugha ya watu wa upande mmoja, na kwamba neno lililotajwa kwenye mkutano ni ukabila. Hata hivyo Madam Apiyo alikuwa amebishana naye, na wameafikiana hivi: darasa litaendelea mwaka huo na mwingine iwapo litakuwa na wanafunzi kumi, wasiopungua watatu wakiwa si Waluo, kila mmoja na fomu iliyotiwa saini na mzazi. Na bodi itakuja kujionea. Alipotoka tulijihesabu, ingawa kila mtu alijua jibu. Waluo walikuwa saba. Wengine walikuwa Wafula, Mutheu na mimi. Hakuna aliyeweza kuugua. Na mmoja wa wanabodi wale alikuwa baba yangu, ambaye sikuwa nimemwambia ninakokwenda Jumatano na Ijumaa.

Kwa Achieng' jambo hili halikuwa la chumba. Bibi yake, dani kama alivyomwita, alikuwa anakuja mwisho wa mwaka kutibiwa macho, na angekaa nao Kisumu Ndogo, kulekule Kibera, miezi kadhaa, katika chumba kimoja. Alipokuja mara ya mwisho, alinieleza Achieng', kila alichomwambia kilipitia kwa mama. Dani anauliza, mama anatafsiri. Achieng' anajibu kwa Sheng, mama anatafsiri nusu. Mwishowe dani akaacha kumtazama yeye na kumtazama mama tu, kwa sababu ndiko sauti ilikotoka. "Ni kama mathe ndiye alikuwa redio yangu," alisema. "Na sasa macho yake yanaisha. Asiponiskia atanijua na nini?" Alilisema hilo tukiwa tumeketi kitandani kwao, tukila omena, wale dagaa wa ziwa, na ugali kutoka sahani moja, huku mama yake nje akipunga nzi kwenye meza yake ya biashara na kuvutana kwa Dholuo na mteja aliyedai omena wake wana mchanga. Mama Achieng' alimwambia mteja kwamba mchanga huo umetoka ziwani na hautozwi bei. Mteja alicheka akanunua. Nilizielewa sentensi zote mbili, ya mteja na ya mama, na Achieng' aliielewa moja, na tulitazamana kwa aibu ambayo sikujua ni ya nani.

Madam alitwambia kwamba bodi ikija, kila mtu atasimama, ataje jina, aseme anakaa wapi, kisha aseme jambo moja alilojifunza. Sentensi ya kukaa ilikuwa rahisi, *Adak Kawangware*, nakaa Kawangware, na Wafula aliikariri akitembea. Mimi niliiona rahisi mno. Nilikuwa nimegundua kanuni na nilitaka ionekane. *Puonjo* ni kufundisha, na mwalimu ni *japuonj*. *Tich* ni kazi, na mfanyakazi ni *jatich*. Basi *dak* ikiwa ni kukaa, mkaaji ni nani kama si *jadak*? Nilijenga neno hilo mwenyewe, usiku mzima likinipendeza, bila kumwuliza mtu yeyote. Kama ningemwuliza Madam, au hata yule mama wa chumba cha nne pale kwetu, haya yote yasingekuwepo. Lakini furaha ya anayejifundisha mwenyewe iko hapohapo, katika kutouliza, na hatari yake pia iko hapo.

Bodi ilikuja Jumatano, wanaume wanne na mwalimu mkuu, wakakaa kwenye benchi lililoletwa kutoka jikoni. Baba aliweka kofia yake gotini. Nilikuwa nimemwambia asubuhi ile, wakati wa chai, naye akakoroga sukari, kisha akasema basi tutaonana huko. Wafula alisimama, akasema yake vizuri. Mutheu alisema yake kwa sauti ndogo. Nikasimama.

"*Nyinga en Nyambura*," nikasema. "*An jadak Kawangware.*" Jina langu ni Nyambura, mimi ni mkaaji wa Kawangware, au ndivyo nilivyodhani.

Nyuma yangu Odhiambo wa kidato cha nne alitoa kicheko cha pua, kile kinachotoka kabla mtu hajakizuia. Yeye alikuwa amekulia nyumbani ziwani na kuja Nairobi akiwa mkubwa, na darasani alifuata kusoma na kuandika tu. Wengine sita, wa Kibera, hawakucheka. Niligeuka nikamwona Achieng' akimtazama Odhiambo kwa mshangao uleule niliokuwa nao mimi, na hapo nikafahamu kwamba wao pia hawakulijua neno hilo, kwamba nilikuwa nimeokota kitu cha kwao ambacho wenyewe hawakuwahi kukiona. Baba aliuliza, kwa utulivu, kijana anacheka nini.

Nimeufikiria mara nyingi ule muda mfupi kabla Madam hajajibu. Angeweza kusema amecheka matamshi. Hakuna mtu kwenye benchi lile ambaye angejua. Fomu yangu ilikuwa ya kumi na ilikuwa mezani mbele ya baba, na yeye Madam alikuwa ameshabishania darasa hilo muhula mzima. Alifuta chaki mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Amekosea neno, Mzee," alisema. "Alitaka kusema anakaa Kawangware. Alichosema ni kwamba yeye Kawangware amekaribishwa tu. Kule kwetu *jadak* ni mtu aliyepewa mahali pa kujenga na kulima kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Anakaa, lakini ardhi si yake. Hata wajukuu wake huitwa hivyo."

Mwanabodi mmoja, mzee mwenye maduka karibu na kituo, alicheka kwa sauti, akamgeukia baba, akasema mtoto wa Kamau amegeuzwa mpangaji na shule. Mwingine hakucheka. Aliuliza kama hayo ndiyo yanayofundishwa humu, watoto wa wenye ardhi kuambiwa hawana ardhi, tena Nairobi hii. Mwalimu mkuu alianza sentensi mbili bila kuimaliza hata moja. Baba alimwuliza Madam, kana kwamba wengine hawamo chumbani, kama mtu huyo, jadak, anakuja na kitu mkononi anapoomba. Madam akasema huenda, hutegemea. Baba akauliza kama anaweza kufukuzwa. Madam akasema anaweza, ingawa ni aibu kumfukuza.

"Ni muhoi," alisema baba.

Madam hakulijua neno hilo la Kikuyu, na alisema hivyo. Baba hakumweleza. Alichukua fomu yangu mezani, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni bila saini, akavaa kofia yake. Mwalimu mkuu alituambia kwamba fomu zote ziwe ofisini Jumatatu asubuhi.

Njiani Achieng' alitembea mbele yangu hatua tatu, na mpaka tulipofika njia panda hakugeuka. "Neno moja, Nyambu," alisema hapo. "Ungesema tu unaishi Kawangware kama watu." Kisha akashika njia ya Kibera. Odhiambo naye, ambaye pengine alikuwa na haya, alikuja kunieleza kesho yake kwamba jadak ni mtu asiye na kwao, na kwamba kwao kijijini ni neno la kugombana, hulisemi mbele ya mtu ila umekusudia kupigana naye. Niliandika kama alivyosema: *jadak*, maktabani, mtu asiye na kwao. Kwa penseli. Nyumbani baba hakutaja darasa Alhamisi, wala Ijumaa, wala Jumamosi. Aliuliza kama taa ya chumba cha nane imetengenezwa. Aliuliza kama nimeona bisibisi yake. Nilitazama mfuko wa koti lake lililoning'inia mlangoni na sikuthubutu kuugusa.

Jumapili alikuja shangazi, dada mkubwa wa baba, tuliyemwita Tata. Mama alikuwa ameponda mukimo wa viazi na mahindi, na mimi nilikuwa jikoni nikiosha sufuria, na dirisha dogo la jikoni lilitazamana na sebule. Walizungumza Kikuyu cha watu wazima, kile cha sentensi fupi. Baba alimwuliza Tata babu yao alikuja hapa na nini. Tata akauliza kwa nini anachokonoa hayo leo. Baba akasema anauliza tu. Tata akasema, kwani hajui, alikuja na kibuyu cha pombe na shoka, akamwomba mwenye shamba mahali, akaonyeshwa ng'ambo ya kijito, na akakata miti mwaka mzima. Na mwenye shamba alikwenda wapi, aliuliza baba. Hapo Tata alishusha sauti, nami nikaacha kusugua.

"Siku majina ya wenye ardhi yalipoandikwa," alisema Tata, "wao hawakuwepo. Sisi ndio tuliokuwepo."

Nilisikia kijiko kikiwekwa. Baada ya muda baba aliita, "Maitu," maana nilipewa jina la mama yake na hivyo mimi nilikuwa mama yake, na mara nyingi ndivyo alivyoniita alipotaka jambo. Nilitoka nikikausha mikono. Aliniuliza lile neno letu la shuleni hutamkwaje. Nikalisema. Akalijaribu, na kwa ulimi wake likatoka *njandaki*, lenye pua mwanzoni na irabu mwishoni, kama maneno yote yanayoingia Kikuyu kwa mlango wa nyuma. Nikalisema tena polepole. Alilirudia mara tatu, mpaka Tata akauliza hawa wawili wanasoma nini Jumapili. Muhoi, nilikuja kufikiri baadaye, ni mwenye kuomba. Kikuyu kimekumbuka alivyoomba. Jadak ni mwenye kukaa. Dholuo imekumbuka alivyokaa. Siku ile sikufikiri lolote. Nilimtazama akisogeza sahani, akakunjua fomu juu ya kitambaa cha meza, na kuuliza kalamu iko wapi. Alipomaliza kutia saini aliishikilia kidogo kabla ya kunipa.

"Mambo ya Guka hayaendi shuleni," alisema, yaani ya yule babu yao.

Hayakwenda. Sikumwambia Achieng', wala Madam, wala mwanangu. Baba alizikwa miaka tisa iliyopita kwenye ardhi hiyohiyo, ng'ambo ya kijito ambacho siku hizi ni mtaro wa saruji, na mwaka jana Tata naye alimfuata. Nimejiuliza kama kuandika hapa ni kuvunja agizo lake. Nimeamua kwamba alisema shuleni, na kwamba alikuwa mtu wa kuchagua maneno.

Jumatatu fomu zilikuwa kumi. Darasa liliendelea mwaka huo na mwingine, kama ilivyoafikiwa, kisha kompyuta zikaja na Madam akahamishia masomo nyumbani kwake Kianda, kila Jumamosi, kwenye meza ile ya pasi, na kwa miaka mingi watoto wa watu wamejaa hapo na viatu vyao mlangoni. Na dani alikuja. Siku moja ya Desemba nilimpelekea Achieng' kitabu Kisumu Ndogo, nikamkuta ameketi sakafuni akimkatia dani kucha za miguu. Mama yake alikuwa kwenye meza ya omena. Hakukuwa na mtafsiri chumbani. Achieng' aliuliza kijiji chao kilipataje jina, swali zima, refu, lenye "zamani" na "kwa nini", na alikosea sehemu mbili ambazo hata mimi nilizisikia. Dani, mwenye bandeji jicho moja, aligeuza uso wote upande ulikotoka swali. Jibu lake lilichukua mchana kutwa, na lilikuwa na fisi ndani yake, na mke wa pili, na Achieng' hakuniangalia hata mara moja, na niliweka kitabu kitandani nikaondoka.

Kuhusu neno lenyewe, kumbe sikuwa nimekosea kabisa. Redio za Dholuo zilipoanza kusikika dukani kwangu, nilikuta wasoma habari wakiwaita wakazi wa mji *jodak*, wingi wa jadak, bila ubaya wowote: wakazi wa mtaa fulani wanalalamikia barabara. Kumbe kanuni yangu ilifanya kazi, ila mapema mno na mahali pabaya. Siku hiyo niliandika maana mpya, mkazi, na nikaitia wino. Maana ile ya Odhiambo ikabaki juu yake kwa penseli. Sikuwahi kuisikia ikitumika. Ni neno ambalo mtu huitwa akiwa hayupo, au hutupiwa kwenye ugomvi, na mbele ya Mkikuyu mwenye duka hakuna anayegombana kwa Dholuo. Nilingoja. Si kitu kigumu kwa mtu anayeuza balbu.

Jumamosi ile Kianda tulikula samaki na ugali wa mtama tukiwa tumekalia maboksi. Achieng', ambaye sasa ni muuguzi na ana sauti ya kuamrisha, alimzuia Madam asinyanyuke. Wafula alikuwa ameleta soda. Madam alituambia anakwenda kuishi karibu na soko moja ziwani, amenunua kipande kidogo chenye miti ya mapera, na tulimpongeza kwa kurudi nyumbani. Ndipo simu yake ililia, naye akaipokea akielekea dirishani, akiwa ametugeuzia mgongo. Alikuwa dada yake. Nilielewa kutokana na upande mmoja kwamba dada hataki aende huko, kwamba si kwa baba yao wala si kwa marehemu mumewe, kwamba hana mtu wa ukoo pale na watu wataanza kusema. Madam alisikiliza kwa muda mrefu, akichokoa mabaki ya gundi kwenye kioo kwa ukucha.

"*Abiro bedo jadak*," alisema. "*To onge wach.*"

Nitakuwa jadak, lakini si neno. Alilisema kama mtu anayetaja saa ya safari. Wafula alikuwa akifungua soda na hakusikia. Achieng' alisikia, tonge lake likasimama njiani. Mimi nilikuwa tayari nimeshika mfuko wangu, natafuta daftari, na baada ya daftari kalamu, ambayo ilikuwa imejificha kati ya risiti. Madam alipokata simu na kugeuka alinikuta nimepiga magoti sakafuni, daftari limefunguka juu ya boksi, kama mwanafunzi aliyechelewa kunakili ubaoni. Alisogea akaliinamia. Alilitambua jalada, nadhani, kabla ya kutambua ukurasa.

"Bado ni penseli hii?" aliuliza.

"Bado, Madam."

Alivaa miwani akasoma safu ya tatu, yale maneno ya Odhiambo niliyoyakoleza mara tatu, kwa sauti ndogo ya kusahihisha: mtu asiye na kwao. Alifikiri kidogo. Akaniambia nifute hayo, kwao anako, kila mtu ana kwao. Nikayafuta, kisha akanyoosha kidole pale mahali palipobaki peupe, akangoja, na mimi nikauliza niandike nini.

"Andika kwamba ni mtu aliyeomba akakubaliwa," alisema.

Niliandika. Safu ya pili, mahali nilipolisikia, nikaandika Kianda, dirishani. Wino ulikuwa wa bluu na karatasi ilikuwa imezeeka, ikaunyonya vibaya ukingoni mwa herufi. Nikaupuliza ukauke kabla sijafunga.